Albamu Chini ya Cherehani

Ndege zinazoteremka kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere hupita chini mno juu ya mapaa ya Kiwalani, hata wenyeji wamezoea kuyakatisha mazungumzo kwa muda, kisha kuyaendeleza pale pale yalipokatikia. Fundi mmoja wa cherehani katika mtaa huo amejifunza kuitumia fursa hiyo. Ndege ikikaribia, huinua mguu kwenye kanyagio, akatia uzi mpya katika sindano, akapangusa jasho. Ikishapita, mguu hurudi kazini. Jina lake halitatajwa hapa. Wateja humwita Fundi, na jina hilo linamtosha.

Fundi amekwisha kuvuka miaka hamsini. Kazi yake ni magauni: ya harusi, ya kumtoa mwali, ya vikundi vya wanawake wanaotaka sare. Katika droo ya chini ya cherehani yake, nyuma ya makopo ya vifungo na bobini, imo albamu yenye jalada la maua ya waridi, ya aina iliyokuwa ikiuzwa Kariakoo zamani. Ndani yake zimebaki picha thelathini na moja. Zilikuwa zaidi ya themanini.

Ni picha za usiku, zilizopigwa na wapiga picha wa ukumbini waliokuwa wakizunguka baina ya meza na kurudi wiki ijayo na bahasha. Katika pembe ya kila moja kuna tarehe ya rangi ya chungwa, na kwa kuwa saa za kamera zile hazikuwekwa sawasawa, baadhi zinadai zilipigwa mwaka ambao Fundi alikuwa bado mwanafunzi wa shule. Katika mojawapo wanaume wanne wamesimama bega kwa bega katika satini ya zambarau, mshono mmoja, marinda mamoja, nyusi zimetindwa, mikono imepakwa hina. Katika nyingine mmoja wao amejipinda nyuma mpaka kilemba kinakaribia sakafu, na kati ya vidole vyake viwili ameshika noti ya shilingi mia tano kama mtu aliyeshika ua. Hakuna picha hata moja katika albamu hiyo yenye mtu aliyenuna.

Wasiokuwapo Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 huenda wasiuelewe moto wa nyakati zile. Vyama vingi vya siasa vilikuwa vimerudi, lakini mashabiki wa kweli walikuwa na vyama vyao viwili vingine. Upande mmoja ilikuwako Tanzania One Theatre, yaani TOT, kikundi cha CCM chini ya Kapteni John Komba. Upande wa pili Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga. TOT walikuwa na Khadija Kopa, aliyevuka bahari kutoka Unguja baada ya kuimba katika Culture Musical Club; Muungano walikuwa na Nasma Khamis, aliyejulikana kwa jina la Kidogo. Waimbaji hao wawili walipashana, na mji mzima ukapashana pamoja nao. Mama yake Fundi alikuwa Muungano damu damu. Jirani yake wa mlango wa pili alikuwa TOT. Wanawake hao wawili waliazimana chumvi siku za kazi, na siku za onyesho hawakusalimiana.

Fundi alikwenda ukumbini kwanza kama mbeba mkoba. Baba yake hakupenda mkewe atembee usiku peke yake, akaona kumpeleka kijana ndiyo dawa. Hakujua alimpeleka kijana wapi.

Taarabu ya wazee ilikuwa na adabu ya kuketi. Katika Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa Unguja 1905, msikilizaji alitulia kitini na kuyaacha maneno yamwingie polepole; na hata Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimbia watu waliokuja kusikiliza kabla ya jambo jingine lolote. Rusha roho iligeuza mambo. Kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla, watu wakainuka, na shughuli kubwa ya usiku ikawa tunzo. Shabiki husubiri ubeti wake. Ukifika, hutoka mezani akielekea jukwaani kwa mwendo wa makusudi, akicheza, akimpitia adui yake bila kumtazama, akaweka noti mkononi mwa mwimbaji au kichwani pake. Hakutukana mtu. Hakufungua mdomo. Wimbo umekwisha kumsemea, naye kazi yake ni kuonyesha kwamba maneno yale ameyanunua.

Katika ufundi huo hakuna aliyewapita mashoga. Neno hilo linaandikwa hapa kama lilivyotumika ukumbini, ambako wanawake walilitumia kwa kuitana wao kwa wao, na kwa kuwaita wanaume hao pia, bila kubadili sauti. Waliketi na wanawake. Walijua beti zote kwa moyo, walijua gauni lipi limeshonwa kwa haraka na lipi limetulia, walijua nani amegombana na nani na kwa sababu ya mume yupi. Onyesho lisilo na meza yao lilihesabiwa limepoa. Huko ndiko Fundi alikomwona kwa mara ya kwanza mwanamume aliyekuwa kama yeye akishangiliwa, na kushangiliwa huko hakukuwa na kejeli: mtu alicheza vizuri, watu wakapiga vigelegele. Mara ya tatu alipokwenda, aliomba kipande cha satini kilichobaki kwenye kitambaa cha mama. Mama hakuuliza cha nini. Alimkatia na lesi juu yake.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa pepo. Mwanamume yule yule aliyecheka nao saa sita za usiku aliweza kuwarushia jiwe alfajiri barabarani. Ndiyo maana walirudi kwa makundi, viatu vya visigino wamevitia ndani ya mifuko, vilemba wamevifungua na kuvitupa mabegani kama taulo. Kiwalani kwa makaratasi ni kata ya Ilala, ingawa kwa ngoma na taarabu imeelemea Temeke siku zote, na njia za vumbi kati yake na Yombo walizijua hata gizani: nyumba ipi ina mbwa, baraza ipi hulaliwa na walevi. Furaha yao ilikuwa na ramani.

Pamoja na ukumbi, walikuwa na hifadhi nyingine, nayo ni lugha yenyewe. Kiswahili hakimlazimishi msemaji kutaja kama anayempenda ni mwanamume au mwanamke. “Nampenda” haisemi ni nani. “Mpenzi”, “mahabubu”, “muhibu”, “nyonda” ni maneno yaliyovaa kanzu na buibui kwa wakati mmoja. Washairi wa pwani waliongeza pazia juu ya pazia, wakamwita mpendwa njiwa, johari, chungwa, ua la asumini, na msomaji makini akafundishwa kwamba kuuliza ua ni nani ni utovu wa adabu. Aidha, katika taarabu mtunzi na mwimbaji mara nyingi si mtu mmoja: mwanamume huandika, mwanamke huimba, na maneno ya mapenzi yakabadili koo bila kubadili hata herufi. Kuna lugha za Ulaya ambazo mshairi wake angelazimika kuchagua katika mstari wa kwanza na kujifichua. Mashairi ya Kiswahili yamewapa nafasi watu wengi ambao watunzi wake hawakuwafikiria, na pengine wachache waliowafikiria sana.

Wako wanaodai kwamba mambo haya yameletwa na televisheni au na wafadhili. Dai hilo haliwezi kusimama mbele ya maandishi. Gill Shepherd alifanya utafiti Mombasa na mwaka 1987 akachapisha makala kuhusu wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake katika mji ule, akieleza jinsi cheo na mali vilivyoingia katika uhusiano wao. Deborah Amory akafuatia mwaka 1998 kwa insha yenye maneno ya Kiswahili “mashoga” na “mabasha” katika jina lake. Hao ni wageni walioandika walichokikuta. Kilichokuja kwa meli, kwa hakika, ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1930, na kifungu chake cha makosa dhidi ya maumbile kilirithiwa pamoja na reli na ofisi za posta. Bunge la nchi huru lilikiongezea ukali mwaka 1998: kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka thelathini. Mwaka huo huo Fundi alishona ile satini ya zambarau. Hakuisikia sheria, wala hakuna aliyemsomea.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kunyoosha kidole bara. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha adhabu zake, likiwataja na wanawake. Na mwezi wa Septemba 2006 sherehe iliyokuwa imeandaliwa Mji Mkongwe kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa Freddie Mercury, ambaye alizaliwa hapo hapo kwa jina la Farrokh Bulsara, ilifutwa baada ya malalamiko ya jumuiya ya Uamsho. Mtu mwenyewe alikuwa amekufa miaka kumi na mitano nyuma. Kilichoogopwa ni karamu.

Mwishoni mwa Oktoba 2018 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kwamba ataunda kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja, akawataka wananchi wawataje majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe, wala si msimamo wa serikali. Lakini taarifa ya Wizara haikufika Kiwalani kwa kasi ya ile ya kwanza. Katika usiku mmoja wa siku zile Fundi aliwasha jiko la mkaa uani, akaketi kwenye kibao cha mbuzi na albamu mapajani, akaanza kuchoma.

Picha za karatasi ya studio haziungui kama karatasi nyingine. Hujikunja kwanza, rangi hububujika, kisha hutoa moshi mchungu unaokwama kooni. Alikuwa amechoma hamsini na kitu mama yake alipotoka.

“Unachoma nini usiku huu, mwanangu?”

“Takataka, mama.”

“Takataka hazinuki hivyo.”

Bi mkubwa aliinama akaokota moja iliyoangukia mchangani. Aliielekeza kwenye mwanga wa makaa akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba lesi ile ni yeye aliyeikata, na kwamba mshono wa bega la kushoto haukukaa vizuri, naye alisema tangu siku ile. Akaichukua albamu mikononi mwa mwanawe, akaingia nayo ndani. Chini ya kitanda chake lilikuwako sanduku la bati ambamo aliweka sanda yake, pamoja na pamba, udi na marashi, vitu ambavyo mwanamke mwenye kujiheshimu hujinunulia mapema asije akawasumbua watu. Aliilaza albamu chini ya sanda.

“Hapa hapapekuliwi,” alisema.

Tangu hapo hawakulizungumza tena.

Miongoni mwa zilizoungua ilikuwamo picha pekee ya rafiki yake mmoja, yule aliyewafundisha wenzake jinsi ya kulisubiri neno la mwisho la kiitikio kabla ya kugeuka. Kijana huyo alikufa 2003, mwaka mmoja kabla dawa za kupunguza makali ya virusi hazijaanza kutolewa bure nchini. Fundi anaweza kueleza gauni la picha ile kwa inchi: kifua, kiuno, urefu, upana wa pindo. Uso ndio unaomponyoka. Husema kwamba aliogopa watu wasiompata wakiwa hai, kumbe aliyempotezea kaburi la pili ni yeye. Jambo hilo mwanadamu hawezi kuliondolea uchungu kwa kulisimulia vizuri, na ni vema liachwe lilivyo. Itoshe kukumbusha kwamba Februari 2017 Wizara ya Afya ilikuwa imepiga marufuku vituo arobaini visiendelee kutoa huduma za UKIMWI kwa watu wa aina yake, kwa hofu kwamba vinaeneza tabia. Hivyo usiku wa jiko haukuanza usiku ule.

Mama yake alifariki 2021. Jirani wa mlango wa pili, yule wa TOT, akiwa sasa mzee wa fimbo, ndiye aliyetangulia kufika na ndiye aliyeingia chumbani pamoja na waoshaji. Sanduku lilifunguliwa. Mlangoni Fundi alisimama akiwa amekumbuka kilichomo, na miguu haikumbeba kwenda mbele wala kurudi nyuma. Baada ya kitambo bibi yule alitoka akiwa na kitu alichokifunga ndani ya khanga yake mwenyewe. Alimpa mkononi mbele ya wanaume waliokuwa wakipanga jeneza.

“Hii ya kwako,” alisema. “Mama yako alikuwa mkaidi. Hata Nasma wake hakumwacha.”

Kisha akarudi ndani kuosha.

Mpwa wa Fundi, binti aliyesomea mambo ya picha na video, ndiye aliyemletea filamu ya Rafiki ndani ya simu. Wanuri Kahiu aliitengeneza Nairobi kutokana na hadithi ya “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ile iliyopata Tuzo ya Caine 2007. Mei 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika tamasha la Cannes, na kabla ya hapo, mwezi Aprili, ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku kwao. Mahakama Kuu iliifungulia kwa siku saba tu mwezi Septemba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kahiu amesimulia kwamba bodi ya filamu ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa wasichana wake wawili walimaliza na tumaini. Wangejuta, ingepita. Fundi alipoelezwa hilo aliangua kicheko mpaka akashikwa na kikohozi. Alisema hata ukumbini mambo yalikuwa hayo hayo: shoga akilia katika wimbo, watu humwonea huruma, akicheka, ndipo mtu anapoulizia sheria.

Binti alimsimulia na habari ya The Nest, kundi la wasanii wa Nairobi waliozunguka Kenya wakikusanya simulizi za maisha kwa sauti, kisha wakazigeuza kuwa filamu fupi tano za rangi nyeusi na nyeupe, Stories of Our Lives, mwaka 2014. Wengi walioshiriki hawakutajwa majina. Kenya haikuruhusu ionyeshwe, na mmoja wa watayarishaji wake alikamatwa. Berlin, mwaka uliofuata, iliheshimiwa kwa tuzo. Alichovutiwa nacho Fundi hakikuwa tuzo. Aliuliza mara mbili kama kweli walianza kwa kukusanya tu, bila kujua watazifanyia nini.

Basi Jumapili moja, cherehani ikiwa imefunikwa, walizitandaza picha thelathini na moja mkekani. Binti alitaka kuzipiga moja moja, zihifadhiwe mahali ambapo jiko halifiki. Fundi alikubali kwa sharti moja: nyuso zisionekane. Baadhi ya wenye nyuso hizo wana wajukuu, mmoja ni imamu msaidizi katika msikiti wa mbali, wawili hawajulikani walipo. Binti alipendekeza azifute nyuso kwa programu ya kompyuta. Fundi alikataa, kufuta alikwisha kufuta vya kutosha. Akavuta kopo la vifungo.

Kazi ile iliwachukua mchana kutwa, kwa kuwa Fundi hakuweka kifungo chochote juu ya uso wowote. Zambarau ilipata vifungo vya lulu. Aliyejipinda nyuma na noti yake alipewa kifungo cha shaba cha koti la askari, kwa sababu, alisema, huyo alikuwa kamanda. Mwenye hereni za pete alipata kifungo kilichofunikwa kwa kitambaa kile kile cha gauni lake, ambacho Fundi alikuwa amekihifadhi zaidi ya miaka ishirini bila kujua cha nini. Kila kimoja alikisogeza kwa ncha ya mkasi mpaka kikakaa. Ndege zilipita, wakangoja, wakaendelea. Watu wakabaki mkekani bila nyuso, lakini shingo zao, vidole vyao, namna walivyoibana mikono kiunoni, vyote vilikuwa vikicheka.

Picha ya mwisho ilikuwa imekwama nyuma ya jalada, na ni unyevu wa sanduku ulioifungua gundi. Meza ya ukumbini, chupa za soda, mashoga watatu, kijana mwembamba mwenye lesi begani. Na katikati yao mwanamke mnene wa makamo, mkono umenyoshwa juu na noti, mdomo wazi, ameshikwa na kamera katikati ya kigelegele. Binti alihesabu vifungo vitano akavisogeza.

Fundi alichukua vinne. Aliviweka kimoja kimoja, cha mwisho juu ya uso wake mwenyewe.

“Huyo mwache,” alisema. “Huyo hana tena wa kumwogopa.”

Binti alipiga picha. Akauliza ni wimbo gani uliokuwa ukipigwa wakati ule. Fundi alikunja uso, akajaribu sauti mbili tatu puani, akatikisa kichwa, akaanza tena kutoka juu, huku kidole kikigonga taratibu kwenye kopo la vifungo.